Maili za Anti Zilienda Wapi?

Jioni nikianika nguo juu ya ploti hapa Kitengela, naona ndege zikienda na kutoka JKIA. Si mbali, kwa barabara haifiki hata kilomita 30. Na bado mimi sijawahi panda ndege hata moja. Naisema mapema ndio mtu asikuje kuniuliza nani amenipa ruhusa ya kuongelea maili.

Kwetu anayejua ndege ni Anti, mdogo wake mathe. Ameenda Riyadh, akarudi. Akaenda Doha, akakuja likizo, akarudi Doha, na mwaka huu akakuja nyumbani kabisa. Hizo ni safari sita. Kutoka Nairobi hadi Doha ni karibu maili 2,100 angani, Riyadh iko chini kidogo. Piga hesabu: Anti amekaa hewani zaidi ya maili 12,000. Wale wasee wote wa TikTok wanaotufunza kusafiri huku wakipiga picha na suti kesi tupu, wachache sana wamefika hapo.

Sasa nikuulize, unadhani akaunti yake ya maili ilikuwa na ngapi? Hakuwa hata na akaunti.

Niligundua nikimsaidia kupanga mzigo. Ako na mkebe wa biskuti, ule wa bluu ambao kila nyumba Kenya unakuwa na sindano na uzi, lakini wake una makaratasi. Kandarasi, risiti za kutuma pesa, na boding pasi zote, amezifunga na raba. Nikaziangalia moja moja. Pale mahali pa nambari ya mwanachama, patupu. Zote sita.

"Anti, hukuwahi jiandikisha upate maili?"

"Nijiandikishe na nini? Tiketi si yangu, ni ya ajenti."

Hapo ndipo nilikaa chini. Maana nilikuwa nimefikiria vile vile, na nina uhakika wengi wenu pia: ati maili ni za mwenye kulipa. Zii. Kwa kawaida maili zinaenda kwa mwenye alikalia kiti, mwenye jina lake liko kwa tiketi. Ajenti alipe, bosi alipe, kanisa lichange, maili ni zako. Kujiandikisha ni bure, unahitaji imeili tu na jina lako. Halafu unatoa hiyo nambari wakati wa kukata tiketi, ama hata pale kwa kaunta ya uwanja kabla upewe boding pasi.

Kama ulisahau, unaweza dai baadaye, lakini kuna muda. Kampuni nyingi kubwa hukupa kama miezi sita. Kwa hivyo nilichukua zile boding pasi za Anti nikaenda nazo saiba, tukaskani, tukatuma. Safari tano zilikuwa zimepitwa na muda. Ile ya mwisho ikakubalika. Tukangoja wiki mbili, ikaja imeili: maili 500 na kitu. Mimi nilikuwa nimeshaambia mathe tutapata 2,000.

Kumbe kuna kitu hakuna mtu hukuambia. Tiketi ziko na madaraja ndani ya daraja. Wewe na jirani yako mko economy, mnakula wali mmoja, lakini yeye amepata maili zote na wewe umepata robo, kwa sababu tiketi yako ilikuwa ya bei ya chini kabisa. Zingine, hasa zile za kununuliwa kwa kundi, hazipati kitu. Na kuna kampuni hazihesabu tena umbali, zinahesabu pesa uliyotumia. Flying Blue ya Air France na KLM ilibadilisha hivyo mwaka 2018. Kwa hivyo hata neno "maili" limebaki jina tu. Ni kama kusema "shilingi kumi ya sukari", kitu ambacho shosho alikuwa akisema na hakuna duka inaelewa sai.

Shosho ndiye ananifanya niandike hii, kusema kweli. Tulimzika 2022, huko upande wa Isinya. Anti alikuwa Doha. Aliona mazishi kwa simu yangu, nikiwa nimeinua mkono mpaka ukakufa ganzi, na mtandao ukikata kila upepo ukivuma. Nilipopata ule mkebe, wazo la kwanza lilikuwa hilo: kama angekuwa na maili, angekuja.

Nimeipiga hesabu mara nyingi tangu hapo, na jibu ni hapana. Kufikia 2022 angekuwa na maili elfu moja ama mbili kwa zile tiketi zake za bei ya chini, na hizo hazinunui tiketi ya kurudi nyumbani. Hata ukipata tiketi ya maili, bado unalipa ushuru na ada kwa pesa taslimu. Na pasipoti yake ilikuwa kwa bosi, maili hazifungui droo ya mtu. Siwezi kuwauzia hiyo hadithi juu inauma vizuri.

Lakini zingefanya nini? Zingelipia mzigo. Kuna kampuni zinakuruhusu kutumia maili kununua kilo za ziada, na kama una mtu Ghuba unajua kilo ndio vita yenyewe. Anti akikuja likizo alilia pale uwanjani Doha akitoa blanketi mbili kwa suti kesi, ya mathe na ya shosho, akaziacha kwa mtu hamjui, kwa sababu doh ya kilo zaidi ilikuwa imeisha. Shosho alikufa mwaka uliofuata bila blanketi yake. Hiyo sasa, kilo tatu nne, ndio saizi ya maili za mtu kama Anti.

Ndio maana nakasirika nikiona vile hii kitu inafunzwa mtandaoni. Klipu zote ni za Wamarekani: chukua kadi hii ya benki, tumia dola elfu kadhaa kwa miezi mitatu, upewe maili 60,000. Msee, hapa Kitengela nani ako na hiyo kadi? Watu wetu wenye wanapanda ndege kila miaka miwili ni wasichana wa kazi za nyumba, walinzi, madereva. Ndio wasafiri wetu wa kweli, na hakuna mtu anawaita wasafiri. Wanaitwa "wale wameenda Saudi".

Kabla waende, wanapitia mafunzo ya kabla ya safari. Ni lazima kwa wafanyakazi wa nyumba. Wanafunzwa mashine za kufua, mambo ya mkataba, Kiarabu kidogo. Naomba dakika kumi tu hapo. Mwalimu aseme: toa simu, fungua akaunti ya kampuni utakayoruka nayo, andika jina kama lilivyo kwa pasipoti, mpe ajenti hiyo nambari. Na ajenti akikata tiketi aiweke. Haimgharimu hata bob.

Hata hivyo, tusianze kuabudu hizi pointi. Mwenye anazitoa ndiye anaamua bei yake. American Airlines walianza AAdvantage Mei 1981 ndio abiria wasiwatoroke, na kila kampuni ikafuata kwa sababu ilifanya kazi. Ilifanya kazi sana mpaka 2020, corona imeshika ndege zote chini, United wakachukua programu yao ya maili wakaiweka dhamana ya kukopa mabilioni. Walisema ina thamani ya karibu dola bilioni 22, na kampuni yote kule soko la hisa ilikuwa chini ya hapo. Soma hiyo tena. Hisa zote za kampuni zilikuwa za bei ya chini kuliko tabia yetu ya kukusanya pointi.

Na sisi hapa hatuhitaji kuruka ndio tujue hii mchezo. Bonga Points tunazo tangu 2007. Mwisho wa 2022 Safaricom walitangaza zile zimekaa zaidi ya miaka mitatu zitaanza kuisha Januari 2023, watu wakakimbia kuzitumia, halafu mpango ukasitishwa. Afadhali hao walirudi nyuma. Nakumatt ilipoanguka, watu walibaki na kadi za pointi kwa wallet, kadi fiti kabisa, duka ndio halipo. Maili nazo zina tarehe. Za Emirates Skywards ni miaka mitatu. Ukirudi nyumbani baada ya kandarasi mbili na hujazigusa, za kwanza zimeshaenda.

Anko wangu wa Kajiado hufuga, na huuza ng'ombe soko la Bissil. Ule ukame wa 2022 uliwapiga watu wengi huko, unapita barabara ya Namanga unaona mizoga kando ya lami. Yeye aliuza nusu ya kundi mapema, bei bado iko, na majirani wakamcheka ati amekuwa mtu wa mjini. Mimi nilimwelezea maili wiki iliyopita, akaniuliza swali moja: "Zinakula nini?" Nikamwambia hazili kitu. Akasema basi mwenye boma ni nani. Sikuwa na jibu la haraka.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Usinunue kitu hukutaka ndio upate pointi. Usipande ndege ya elfu kumi zaidi ndio ubaki kwa kampuni moja. Lakini zile zinakuja kwa safari ambayo ungeenda tu, chukua zote na utumie haraka, hata kama ni kwa kilo mbili za mzigo. Na kama familia yenu inaenda upande mmoja, chagueni kapu moja. Kenya Airways iko SkyTeam, na sai ina programu yake, Asante Rewards, baada ya kutoka Flying Blue. Ethiopian iko Star Alliance. Qatar iko Oneworld na inatumia Avios kama British Airways, unaweza hata kuzihamisha kati ya hizo mbili. Emirates inajitegemea. Mtu akiruka leo na hii na kesho na ile, anabaki na makombo kila mahali.

Najua kuna mtu atasema ninapigia kelele maili 500 na watu wetu wanafungiwa nyumbani na kunyimwa mishahara huko. Ni kweli, hiyo ni kubwa kuliko hii, na ikiwa utachagua moja ya kupigania chagua hiyo. Ila mtu anaweza kuwa anadai mshahara wake na bado ajue nambari yake.

Jumapili kasini yangu alikuja na barua ya kazi. Anaruka mwezi ujao, Doha. Tulikaa mezani na simu yake, pasipoti ikiwa wazi mbele yetu. Mara ya kwanza tuliandika jina analotumia Facebook, Anti akatupigia makelele, tukafuta. Pasipoti ina majina matatu na ajenti alikuwa ameandika mawili kwa tiketi, kwa hivyo tukampigia hapo hapo arekebishe. Alilalamika kidogo, ati hakuna mtu ameshawahi kumwomba hiyo. Nikamsomea nambari ya uanachama taratibu, tarakimu mbili mbili, akairudia. Kasini akaiandika na kalamu ndani ya kava ya simu. Anti alikuwa ameshaanza kupima suti kesi kwa mizani ya mahindi ya jirani.