Diski Umenunua, Nakala Je?

Mkazi wa Chonyonyo, wilayani Karagwe, akitaka filamu halisi, yenye stempu ya kodi, mara nyingi huifuata Kayanga au Omurushaka, au humwagiza anayekwenda Bukoba. Ikifika nyumbani, vumbi na mikono ya watoto haviipi muda mrefu. Ndiyo maana wengi, kabla diski haijakwaruzika, hufikiria kwanza kuihamishia kwenye kompyuta. Je, wana ruhusa?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, haina ukali ambao wengi wanaudhania. Kifungu cha 12 kinaruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, mradi nakala hiyo iwe ya matumizi yake binafsi. Akianza kuwajazia watu flashi kwa malipo, hapo ameingia kwenye wizi, na sioni sababu ya kumtetea.

Kinachomkwamisha mnunuzi mwaminifu ni kufuli lililowekwa kwenye diski yenyewe. Kama ni VCD, kazi ni nyepesi: unafungua folda ya MPEGAV, unachukua faili la DAT, umemaliza. DVD yenye kinga ni habari nyingine. Ndani ya folda ya VIDEO_TS utakuta mafaili ya VOB. Unayanakili, yote yanahamia kwenye kompyuta, lakini ukiyafungua picha imevurugika, kwa sababu funguo zimebaki kwenye sehemu ya diski ambayo kunakili kwa kawaida hakuigusi. Mfumo huo wa kufuli, CSS, umetumika tangu 1996. Juu yake kuna mgawanyo wa kanda: Marekani ni kanda ya 1, Ulaya ya 2, sisi ya 5. Kompyuta hukuruhusu kubadili kanda mara 5, kisha hubaki kwenye ile ya mwisho. Diski uliyoletewa na ndugu aliyeko Uingereza, iliyolipiwa kihalali dukani, inaweza kukataa hata kucheza.

Mwaka 1999 Jon Lech Johansen, kijana wa Norway, alihusika kusambaza programu ya kufungua kufuli hilo, DeCSS. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachia huru Januari 2003; rufaa nayo ikaamua vivyo hivyo Desemba mwaka huohuo, kwamba aliyenunua diski ana haki ya kuifikia filamu yake. Marekani, kwa sheria yake ya 1998, ilishika njia nyingine: kuvunja kufuli ni kosa lenyewe, hata kama diski ni yako. Sheria yetu inawalenga zaidi wanaotengeneza au kuingiza nchini vifaa vya kuvunjia kufuli kwa ajili ya biashara. Mnunuzi ameachwa njiani: ruhusa ya kunakili anayo, nyenzo ya kunakilia hana pa kuinunua kihalali.

Na kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 imeweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodi na kunakili, inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Katika nchi nyingi tozo ya namna hii hutozwa kwa hoja kwamba watu hunakili majumbani, kwa hiyo wasanii wafidiwe. Huwezi kupokea fidia ya nakala halafu ukamwacha aliyeinakili na wasiwasi wa kuitwa mwizi.

Najua wasanii wa Bongo Movie wameumizwa. Stempu za TRA zilizoanza 2013 zilitokana na kilio hicho. Lakini aliyewaumiza ni mfyatuaji anayetoa nakala kwa mamia, na huyo CSS haijawahi kumzuia. Anayezuiwa ni aliyelipa.

Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) itoe mwongozo ulio wazi: mwenye diski halali anaruhusiwa kufungua kufuli ili apate nakala ya nyumbani kwake, bila kuiuza wala kuisambaza. Nguvu ya ukaguzi ielekezwe kwenye vibanda vinavyojaza flashi kwa malipo. Nawe msomaji, nunua yenye stempu, na ukishainakili, nakala yako usiigeuze biashara.