Wakati wa zahabu wa catch: tuhesabu pia wale wenye walianguka

Kila mara watu wanapoongea juu ya catch ya Marekani ya miaka ya 1980, liste inaanza na jina moja: Hulk Hogan. Kisha wanaongeza Vince McMahon, juu yeye ndiye alikuwa na sosiete. Sibishi. Lakini liste yenye inaishia pale iko sawa na kusifu mine kwa kutaja tu mukubwa wa sosiete na ule mutu mwenye walipiga picha na kipande cha shaba mu mukono. Na wale wenye walishuka chini?

Tuwape kwanza haki yao. McMahon alinunua sosiete ya baba yake mwaka wa 1982. Mbele ya pale, catch ya Marekani ilikuwa imegawanyika: kila mukubwa alikuwa na eneo lake, na hakuingia kwa mwenzake. McMahon alivunja mipaka ile. Akachukua wacatcheur wa wengine, akapeleka mapambano yake mu televizio inchi nzima. Tarehe 31 Machi 1985 akafanya WrestleMania ya kwanza kule Madison Square Garden, New York. Muhammad Ali, ule ule mwenye alipigana na George Foreman kwetu Kinshasa mwaka wa 1974, alikuwa mumoja wa waamuzi. Na Hogan ndiye alikuwa sura ya kazi ile yote. Watoto walimupenda, viwanja vikajaa.

Lakini catch iko kazi ya watu wawili. Mwisho wa pambano unapangwa mbele; mwaka wa 1989 sosiete ya McMahon yenyewe ilieleza maseneta wa New Jersey kwamba ile iko mchezo wa kufurahisha watu. Basi, kama mwisho umepangwa, ushindi hauonyeshi nani iko na nguvu zaidi. Unaonyesha nani alikubali kuanguka, na namna gani alianguka vizuri.

Tuanze na The Iron Sheik, mutu wa Iran. Alishika mukanda karibu mwezi moja tu. Tarehe 23 Januari 1984 aliupoteza kwa Hogan, na pale ndipo wakati wa zahabu unaanza. Kisha Roddy Piper wa Kanada. Ule bwana alikuwa na mudomo! Watu walilipa tikiti juu ya kuona mutu anamufunga mudomo ule. Pasipo adui wa kuchukia, shujaa hana kazi.

Halafu André the Giant, mwana wa Ufaransa, André Roussimoff kwa jina lake. Ukubwa wake ulitoka kwa ugonjwa, na ugonjwa ule ulikuwa unamula. Mwaka wa 1986 walimupasua mugongo. Tarehe 29 Machi 1987, kule Pontiac karibu na Detroit, alipanda mu ringi na maumivu yale yote. Sosiete ilitangaza watu 93.173, kuna wenye wanabisha hesabu ile, lakini kiwanja kilijaa. Hogan alimunyanyua, akamutupa chini, inchi nzima ikapiga kelele. Tuseme ukweli: mutu wa uzito ule hanyanyuliwi kama yeye mwenyewe hataki. Siku ile André alimupa Hogan jina lenye alibeba miaka yote yenye ilifuata. Alikufa Paris mu Januari 1993, na miaka 46.

Sitaki tusahau Junkyard Dog. Kule New Orleans, mwanzo wa miaka ya 1980, mutu mweusi alikuwa shujaa namba moja wa catch ya kusini mwa Marekani, inchi ya ubaguzi wa zamani. Weusi na weupe walisimama wote juu yake. Alipofika kwa McMahon walimupenda pia, lakini ule mukanda mukubwa hawakumupa hata siku moja.

Sasa jina yenye itafanya wengi wabishe: Jesse Ventura. Alikuwa amekwisha kuacha ringi, alikuwa mutangazaji. Mwaka wa 1986, mbele ya WrestleMania ya pili, aliambia wenzake: tufanye sendika. Hogan akapeleka maneno kwa McMahon. Haiko songisongi ya watu: ni McMahon mwenyewe alisema vile chini ya kiapo, wakati Ventura alimushitaki juu ya feza ya video zenye ziliuzwa na sauti yake. Mwaka wa 1994 Ventura alishinda, akalipwa zaidi ya dola 800.000. Lakini sendika haikuzaliwa.

Mutaniambia: alishindwa, atakuwaje mutu wa nguvu? Ninajibu: muangalie wenye walikuja nyuma. Wacatcheur walihesabiwa watu wa kujitegemea, sawa vile sisi tunajua sous-traitance: unavaa nguo ya sosiete, unafanya kazi yake, lakini siku mugongo unavunjika unaambiwa haukuwa mutu wao. Rick Rude alikufa na miaka 40, Big Boss Man 41, Curt Hennig 44. Sababu hazikuwa moja, na sendika haizuie kila kifo. Lakini mutu mwenye mwili wake ndio chombo cha kazi anapashwa kuwa na mahali pa kusema «leo siwezi» pasipo kupoteza mukate wa watoto. Ventura ndiye alitaka kujenga mahali pale. Baadaye watu wa Minnesota walimuchagua gavana, toka 1999 mpaka 2003.

Kwa hiyo liste yangu iko hivi: André wa kwanza, McMahon wa pili, Hogan wa tatu, Piper wa ine, Ventura wa tano, Junkyard Dog wa sita. Wewe panga yako, na watoto nyumbani wapange yao. Na kama muko na pambano la 1987 mu simu, muliangalie mara ingine. Safari hii musimuangalie Hogan. Muangalie namna André anasimama.