Vumbi la Migodi Lisidharauliwe

Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya wananchi wilayani Kishapu. Viongozi walifika na hasara ikahesabiwa. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa.

Lakini liko jambo jingine linalowaangukia wakulima wa huko kila kiangazi bila kishindo, nalo ni vumbi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, na vilevile Kahama na Kishapu, vumbi hutoka kwenye baruti za mashimo ya wazi, kwenye mitambo ya kusaga mawe, kwenye malundo ya mabaki yaliyokauka, na kwenye barabara za udongo zipitazo malori. Wachimbaji wadogo nao wamo, kwani makarasha yao husaga mawe jirani na mihogo ya watu. Si haki, basi, kuyanyooshea kidole makampuni makubwa peke yake.

Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwavyo mmea huvuta hewa na kutoa mvuke. Vumbi likituama juu yake, vitundu huziba, mwanga hupungua, na jani hupata joto kupita kiasi. Mmea hushindwa kujitengenezea chakula cha kutosha, na ua lililofunikwa halipokei chavua ipasavyo. Mvua huyasafisha majani, ila kati ya Juni na Septemba mvua ni haba mno, na huo ndio wakati mihogo na miembe inapobaki shambani kupigwa na upepo. Tena vumbi la mwamba wenye madini laweza kubeba aseniki na risasi, na mvua ile ile inayoliosha jani ndiyo huyashusha hayo udongoni. Mkulima akilalamika kwamba mavuno yamepungua, ni rahisi mno kumjibu kuwa ni ukame.

Shinyanga haihitaji kufundishwa thamani ya mti. Misitu yake ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Kazi hiyo ilifanywa na wanavijiji wenyewe, kwa desturi yao ya Kisukuma ya kutenga malisho, na mwaka 2002 ikapata tuzo ya kimataifa. Itakuwa aibu kuiacha miti hiyo isongwe na vumbi.

Dhahabu inaliletea Taifa fedha nyingi za kigeni, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka migodi ifungwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi agharimie uchafuzi wake, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Upungufu uko kwenye ushahidi. Mthamini anajua kuhesabu mihogo inayong'olewa kupisha mgodi; mihogo inayodhoofika ikiwa imesimama haina anayeihesabu.

Hapa watumishi wa Serikali wana wajibu usiongoja mtaalamu kutoka Dodoma. Bwana shamba wa kata aandike vumbi katika taarifa yake ya mwezi, kama anavyoandika viwavi. Mwalimu wa biolojia awapeleke wanafunzi wakachume majani ya aina moja, mengine kando ya barabara ya malori na mengine mbali nayo, wayaoshe, wakaushe kilichobaki na kukipima kwenye mzani wa maabara. Hesabu hizo zikiandikwa kila mwezi kuanzia Juni, halmashauri itakuwa na cha kuuonyesha mgodi unapoambiwa umwagie barabara maji, ufunike malori yake na upande miti pembezoni mwa malundo. Maafisa wa madini wawaulize wenye makarasha maswali hayo hayo.