Kachungu ka Korea na Agulu ya Dani

Wasee, wiki jana niliposti vidio ya kitu kinaitwa yeonjeok. Ni kachungu ka porselini kanakotosha kwenye kiganja, kalikuwa kanakaa kwenye meza ya msomi wa Korea enzi za utawala wa Joseon (1392–1910). Kazi yake ni moja: kudondosha maji kwenye jiwe la kusagia wino. Kana matundu mawili. Ukiziba moja kwa kidole, maji yanakataa kutoka. Ukiachilia, tone linaanguka. Vingine vina umbo la pichi, vingine samaki, vingine mlima. Mlipenda sana. "Maze, hawa watu walikuwa na akili."

Siku mbili baadaye nikaposti agulu ya dani yangu wa Homa Bay. Komenti ya kwanza: "Buda, umeishiwa?" Ya pili: "Hiyo sisi tunapandia maua."

Sawa. Leo mtanisikiliza.

Kwanza, akili. Porselini huchomwa kwenye tanuri kwa joto linalokaribia nyuzi 1,300, mpaka udongo unakuwa kama kioo na maji hayapenyi. Dani hana tanuri. Anajenga chungu kwa mikanda ya udongo, mmoja juu ya mwingine, bila gurudumu, kisha anachoma uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto huo ni mdogo, kwa hivyo ukuta wa chungu unabaki na vitundu ambavyo jicho halioni. Maji yanapenya polepole, yanafika nje, yanakauka na kuondoka na joto. Ndiyo maana maji ya dapi ni baridi saa nane mchana, hata pale Karungu kwenye jua la kuchoma kisogo. Mkorea alicheza na matundu mawili. Dani anacheza na maelfu. Huo mnaouita ushamba ndio friji, na haijawahi kuulizia tokeni za stima.

Pili, usomi. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Tangu siku hiyo kuna mjomba hunitambulisha kwa wageni kama "yule alikuwa asome." Kwa hivyo nikiona kitu kinaheshimiwa kwa sababu kilikaa kwenye meza ya msomi, masikio yananisimama. Mtafiti Ingrid Herbich aliandika mwaka 1987 kuhusu wafinyanzi wa Kiluo: wengi wao hujifunza kazi baada ya kuolewa, kutoka kwa mama mkwe na wanawake wengine wa boma. Hiyo ni shule. Mwalimu wako ni mama mkwe, mtihani ni kila siku ya soko, na huwezi kuacha mwaka wa pili.

Najua kuna mmoja ataandika, "Lakini porselini ilikuwa ya wakubwa, agulu ni ya jikoni." Sawa, tuongelee wakubwa. Vyombo vizuri vya Joseon vilitoka kwenye matanuri ya serikali kule Gwangju, karibu na Seoul. Waliovifinyanga walikuwa watu wa tabaka la chini, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Leo kachungu kako kwenye kabati la kioo, lina taa yake na mlinzi wake, lakini mikono iliyokafinyanga haijulikani ni ya nani. Wakati wa vita vya 1592–1598 jeshi la Japani liliondoka na wafinyanzi wengi wa Korea. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, anakumbukwa kama baba wa porselini ya Arita, na amejengewa mnara huko. Jina lake lilipona ugenini. Ya wenzake mengi yamekwenda.

Kwa hivyo siwaombi tuwe kama Korea. Kwa hili, hata Korea ilichelewa. Sisi bado hatujachelewa, kwa sababu wafinyanzi wetu wako hai na unaweza kuwapata sokoni.

Jina si kitu kidogo. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Anafinyanga kwa mkono, bila gurudumu, anasugua udongo mpaka unang'aa. Mwaka 2023 chombo chake kimoja kiliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni laki tano. Sisemi dani ni Odundo. Nasema kazi ya Odundo ina jina, ina mwaka, ina maandishi yanayoifuata kila inakoenda. Kazi ya dani inafuatwa na neno moja: "chungu."

Sisi wa Migori ni wale wale. Thimlich Ohinga iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Tunaenda pale kupiga picha kwenye kuta za mawe zilizopangwa bila simenti. Tuulize alizipanga nani, kimya. Halafu tunapiga kelele kwamba vitu vyetu vilivyo Ulaya virudishwe. Virudi, naunga mkono mia kwa mia. Lakini chungu kikirudi kesho, utamwita nani akitambue, kama hata wa leo hatumjui?

Na mimi simo nje ya hii kesi. Mwezi uliopita nilinunua chungu soko la Oyugis. Mama aliniambia mia tatu, nikamvuta mpaka mia mbili hamsini, nikampiga vidio, nikaondoka. Vidio ilienda vizuri. Kwenye maelezo niliandika "mama wa vyungu." Sikumuuliza jina. Hamsini niliyookoa ilinunua bando ya kuposti uso wake.

Siku ya soko ijayo narudi na hamsini yake, na maswali matatu: anaitwa nani, udongo anauchimba wapi, nani alimfundisha. Akikubali, nitayaweka hapa yote. Akikataa, ni haki yake, na vidio nitaitoa. Wewe uliye Rongo, Awendo, Mbita au Kendu Bay, fanya hivyo na wa kwenu.

Dani nilimuuliza pia kama naweza kuandika jina lake hapa. Akaniuliza kwanza ile agulu nimeilipa lini.