Laini Mbili Mfukoni Busia: 5G Inatumia Ujanja Wako, Lakini Nani Analipa?

Kama unakaa Busia ama Malaba, hii story unaijua kuliko injinia yeyote wa Nairobi. Simu moja, laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Ukisogea karibu na mpaka, simu inadaka mnara wa ng'ambo bila kukuuliza, na bando yako ya Kenya inabaki ikikuangalia tu. Mawimbi hayana pasipoti.

Ndio maana meseji ikiwa ya maana sana, unaituma na laini zote mbili. Moja ikikwama, ingine inafika. Sasa shika hii: 5G yenyewe iko na ujanja huo huo ndani yake.

Hesabu ni rahisi. Tuseme kila njia inapoteza pakiti 1 kwa kila 1,000. Ukituma nakala mbili kwa njia mbili zisizotegemeana, nafasi ya zote kupotea ni 1 kwa 1,000,000. 3GPP, ile jopo la dunia linaloandika sheria za mitandao ya simu, liliweka hii kitu kwa toleo lake la 15 mwaka wa 2018. Target ilikuwa pakiti 99,999 kati ya 100,000 zifike ndani ya milisekunde 1. Toleo la 16, mwaka wa 2020, likaruhusu hadi nakala nne. Hapo hatuongelei TikTok yako. Ni roboti za kiwanda na mitambo ya stima, vitu ambavyo vikichelewa mtu anaumia.

Lakini kuna bei. Kila nakala inakula nafasi hewani. Mnara ukiwa umejaa 60% halafu kila pakiti itumwe mara mbili, hesabu inafika 120%. Hiyo haiingii, buda. Sasa fikiria Malaba siku trela zimepanga foleni hadi huoni mwisho, na kila dere na wakala wa forodha ako kwa simu. Ukituma kila kitu mara mbili, hujaokoa mtu, umeongeza jam.

Kwa hivyo mainjinia wamekuja na njia tatu za kupunguza hasara. Ya kwanza, usitume nakala kama signal iko fiti, ngoja ianze kuyumba. Ya pili, nakala moja ikishafika, ile ingine ifutwe kwa foleni kabla haijatoka. Ya tatu, chagua. Ukitumia nakala kwa pakiti 5 tu kati ya 100, ule mnara wa 60% unapanda hadi 63% peke yake. Hiyo inabebeka.

Hii inatuhusu aje? Cheki zile seal za elektroniki kwa trela za mizigo. Kenya, Uganda na Rwanda walizindua mfumo wao wa pamoja wa kufuatilia mizigo mwaka wa 2017. Seal inajua iko wapi kwa setilaiti, halafu inaripoti kupitia mtandao wa simu. Ripoti ya kawaida, kwamba trela imetulia tu barabarani, haihitaji nakala. Ikipotea, inayofuata inakuja. Lakini alarm kwamba mtu amefungua seal? Hiyo tuma na kila njia iliyopo. Si data yote ni ya VIP.

Na usidanganywe na neno "mbili". Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja kule pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Majina mawili, lakini zimepita karibu-karibu chini ya bahari. Laini zako mbili nazo zinaweza kuwa zimetundikwa kwa mlingoti mmoja unaokula stima moja. Stima ikipotea, zote zinalala. Ile hesabu ya milioni inafanya kazi tu kama njia ziko tofauti kweli.

Halafu kuna hii ya doh. Kwa mtandao, kila pakiti ina namba yake, nakala ya pili ikifika inatupwa na hakuna anayeumia. Pesa ya simu si hivyo. Ukituma 2,000, confirmation ichelewe, utume tena, hizo ni transaction mbili, na 4,000 imeenda. Angalia salio kwanza.

Mwaka wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda walianza mpango wa mtandao mmoja, kupokea simu ukiwa ng'ambo ikawa bure na bei ya kupiga ikawekewa kikomo. Hiyo ilikuwa ya sauti. Maisha ya mpaka leo ni data. Kampuni ikituma nakala mbili, gharama inabaki kwa mitambo yake. Wewe ukifanya hivyo, unanunua bando mbili, kwa shilingi mbili tofauti.

Kwa hivyo wakikuja Busia na mabango ya 5G, usiulize spidi peke yake. Uliza kama minara ya pande mbili inaweza kusaidiana simu yako ikivuka, na uliza kama bando moja itatosha. Kuwa na njia mbili ni poa. Kulipia zote mbili kila siku ndio noma.