Shule Bora, au Karata Bora?

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutangaza shule kumi bora. Wapo wanaodai orodha ile irejeshwe, kwa hoja kwamba takwimu hazisemi uongo. Naam, hazisemi uongo. Hujibu swali lililoulizwa. Orodha ile iliuliza nani amevuna alama nyingi, nasi tukalipokea jibu kana kwamba tumeuliza nani amefundisha vyema.

Wacheza karata wametuzidi busara. Katika mashindano ya briji, hata yanayochezwa kwa intaneti, karata zilezile huchezwa kwenye meza nyingi. Jozi hulinganishwa na jozi nyingine zilizoshika karata hizohizo. Aliyegawiwa karata dhaifu akapoteza kidogo kuliko wenzake walioshika zilezile, huhesabiwa fundi. Bahati ya mgao huondolewa kwanza, ndipo ustadi hupimwa.

Sisi je? Hapa Morogoro, sekondari za Mzumbe na Kilakala ni shule za vipaji maalumu. Hupokea watoto waliokwisha kuchujwa kwa ufaulu wa juu. Shule ya kata kule Mgeta, milimani Uluguru, humpokea mtoto wa jirani jinsi alivyo. Mgeta na Sekondari ya Mzumbe zimo katika wilaya moja, Mvomero, lakini mgao wao si mmoja. Kuzipanga katika safu moja ni kumtunza mchezaji kwa karata alizogawiwa.

Simtetei mwalimu mzembe. Orodha ndiyo iliyomtetea: mzembe mwenye wanafunzi hodari alijificha nyuma yao, na hodari aliyemwinua mtoto kutoka sifuri hadi daraja la tatu akaachwa mkiani. Mbaya zaidi, orodha hualika hila. Shule inayotafuta nafasi ya juu hupata njia nyepesi kuliko kufundisha: kumhamisha mwanafunzi dhaifu kabla ya mtihani.

Baraza linazo alama za darasa la saba, za kidato cha pili na za kidato cha nne. Walinganishwe watoto walioanza na alama zinazokaribiana, tuone kila shule imewafikisha wapi. Hiyo ndiyo takwimu ya kudai. Anayeikwepa na kung'ang'ania orodha ya zamani hatafuti ukweli kuhusu elimu. Anatafuta bango la biashara.