Mbwa Aachwaye Peke Yake

Yuko mbwa ambaye mkifunga mlango kwenda shamba, mkirudi mwamkuta amechafua nyumba, tena amekula mavi yake. Msimpige. Si ukaidi, huenda ni hofu ya kuachwa, na fimbo humzidishia. Tena aliyepigwa kwa ajili ya choo huweza kujifunza kukila upesi kabla hamjakiona. Mwulizeni Bwana Mifugo dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa huwapata hata watoto watambaao sakafuni. Na njaa je? Mbwa wetu wengi hushindia makombo! Kabla ya kuondoka mtoeni nje ajisaidie. Mzoezeni kidogo kidogo: leo dakika 5, kesho 10. Mkirudi mkakuta uchafu, uondoeni kimya, mwoshe sakafu kwa sabuni.